Barua ya wazi kwa viongozi wenye dhamana ya vivutio vya utalii vya Mbeya

YAH: NJIA, TARATIBU NA HUDUMA KATIKA VIVUTIO VINAVYOLIZUNGUKA JIJI LA MBEYA

Waheshimiwa viongozi,

Kwa heshima na taadhima, naomba mrejee somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mbeya, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kuongoza wageni milimani. Barua hii naiweka hadharani kwa sababu zile za awali, nilizozipeleka kwa mkono na zikagongwa muhuri wa kupokelewa, hazikujibiwa. Na kila nilipofuatilia niliambiwa kuwa suala linafanyiwa kazi, kisha nikaelekezwa ofisi nyingine, ambako nako nilielekezwa kwingine. Sitaji ofisi wala jina la mtu, kwa kuwa kasoro ninazozieleza hazikuanzishwa na mtumishi mmoja na hazitakwisha kwa kumhamisha mtumishi mmoja. Nawaandikia ninyi nyote kwa pamoja: wa jiji na wa halmashauri za wilaya, wa mikoa jirani, wa misitu, wa hifadhi, wa mambo ya kale na wa barabara.

Nianze na jambo ambalo naamini hatubishani. Jiji letu limekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kaskazini likiegemea Mlima Mbeya wenye kimo cha zaidi ya mita 2,800, na kusini mashariki likitazamana na Milima ya Poroto. Mtu aliyelala Mbeya anaweza kuamka asubuhi, akasimama kwenye ukingo wa Ziwa Ngozi, linalotajwa kuwa la pili kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya kasoko (mashimo ya volkano) barani Afrika, na akarudi mjini kabla ya magharibi. Siku inayofuata anaweza kuvuka Mto Kiwira juu ya Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba uliotokana na lava ya Mlima Rungwe, maji yakapata njia chini yake. Akaendelea hadi Kijungu, pale mto huohuo unapojibana na kuzama mwambani. Akapita Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na kushuka hadi Matema, ambako Milima ya Livingstone inateremka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa na kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu. Juu kuna uwanda wa Kitulo na maua yake. Magharibi kuna Kimondo cha Mbozi. Sijui jiji jingine nchini lenye mambo ya namna tofauti kiasi hicho karibu na mlango wake.

Wala si kweli kwamba wageni hawafiki. Reli ya TAZARA inapita hapa, uwanja wa ndege wa Songwe unatumika tangu mwaka 2012, na barabara za kwenda Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulu zinaachana hapahapa Uyole na kuendelea. Wasafiri wanalala Mbeya kwa sababu safari ni ndefu na basi limefika usiku. Alfajiri wanaondoka. Wengi nimezungumza nao stendi wakiwa wamebeba mabegi yao, na nilipowatajia Ngozi waliniuliza ni umbali gani, ni kiasi gani na nani wa kumwona, maswali ambayo walipaswa kupata majibu yake tangu jana yake walipofika. Hapo ndipo ulipo mzizi wa malalamiko yangu: mgeni yupo na kivutio kipo, lakini safari inayomtoa mgeni mjini na kumfikisha kwenye kivutio haina mwenyewe.

Mambo yanayonisukuma kuandika ni haya.

1. Taarifa zimetawanyika kama mamlaka zilivyotawanyika.

Kitulo ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo ina utaratibu wake. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya wakala wa misitu, yenye utaratibu mwingine. Kijungu kimo ndani ya eneo la chuo cha magereza, na ni sahihi kabisa kwamba mgeni lazima apate ruhusa ya askari. Kimondo kipo Mkoa wa Songwe. Ziwa Masoko lipo Wilaya ya Rungwe, Matema ipo Kyela. Kila mamlaka ina haki yake na sipingi hata mojawapo. Ninachopinga ni kumwachia mgeni kazi ya kuzijua zote, moja baada ya nyingine, mara nyingi akiwa tayari amefika mlangoni na gari la kukodi linalolipiwa kwa saa linamsubiri.

Nimeshuhudia familia iliyotoka Iringa na watoto ikirudishwa njiani kwa kukosa kibali ambacho hakuna mtu aliyewaambia kuwa kinahitajika. Hawakuwa wakaidi, walikuwa na fedha mkononi na walikuwa tayari kulipa. Mlinzi naye hakuwa na kosa, kwani alifuata alichoagizwa. Watu wale walirudi Mbeya mjini, wakala chakula, wakaondoka, na sina shaka yoyote kuhusu watakachowasimulia wenzao.

2. Malipo hayaeleweki kwa mlipaji.

Nakubaliana na serikali kwamba fedha za umma zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, zisipite mikononi mwa watu. Utaratibu huu umeziba mianya mingi. Hata hivyo, unahitaji mtu wa kuitoa namba hiyo, mtandao wa simu na, kwa anayelipa kwa simu, laini iliyosajiliwa nchini. Mgeni aliyevuka Kasumulu jana akitokea Malawi hana laini ya Tanzania. Jumapili, ambayo ndiyo siku wanayotoka wanafunzi wa vyuo na familia, mtumishi wa kutoa namba mara nyingi hayupo. Porini mtandao unakatika. Matokeo yake ama mgeni anazuiwa, ama anaruhusiwa kwa fedha taslimu bila stakabadhi, na hapo serikali yenyewe ndiyo inayopoteza mapato.

Zaidi ya hayo, pasipo ubao wenye bei, kila anayekutana na mgeni barabarani anataja bei yake. Wenzangu na mimi tunabaki tukiulizwa kwa nini wiki iliyopita rafiki yake alilipa kiasi kingine. Hatuna la kujibu, na heshima yetu inakwenda.

3. Njia ya kupanda Ngozi inaharibika, na siku moja itamdhuru mtu.

Hili naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu ninaijua njia hiyo kwa miguu yangu. Inaanzia mashambani, kwenye viazi na pareto, kisha inaingia msituni na kupanda polepole chini ya miti iliyofunikwa na kuvumwani. Sehemu ya mwisho kabla ya kufika ukingoni ni mwinuko mkali ambao watu wanaupanda kwa kushika mizizi na mianzi. Udongo wa kule unatokana na majivu ya volkano. Ukikauka unakuwa vumbi laini, ukilowa unateleza kupita kiasi, na Poroto ni milima ya mvua.

Kundi likikuta tope linakwepa pembeni na kukanyaga mimea. Kundi linalofuata linakwepa zaidi. Mvua ikinyesha, maji yanafuata ile sehemu iliyokanyagwa na kuchimba mfereji katikati ya njia, na mfereji ukishakuwa mkubwa watu wanaanzisha njia mpya kandokando yake. Kuna mahali ambapo mizizi iliyokuwa chini ya ardhi sasa inaning'inia hewani, ukiishika unasikia inatikisika. Miti hiyo itaanguka, na itaanguka na udongo unaoshikilia ukingo.

Juu kwenyewe hakuna pa kushika. Mgeni anafika akihema, ukungu umefunika kila kitu, anasogea mbele ili aone vizuri. Ghafla ukungu unapasuka na ziwa linaonekana chini kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta zilizovaa msitu. Ni mandhari ambayo sijawahi kuichoka. Lakini pale aliposimama kupiga picha ni ukingo wa udongo uliolowa, na chini yake ni kuta. Sisi waongozaji tunawashika wageni mikono. Wanaokuja bila mwongozaji hawana wa kuwashika.

Tiba yake haihitaji mkandarasi mkubwa. Ngazi za magogo kwenye mwinuko, mifereji midogo ya kutoa maji nje ya njia, vishikio sehemu za hatari, na jukwaa imara la mbao ukingoni lenye kizuizi cha kufika kifuani. Vijana wa vijiji vilivyo chini ya mlima wanaifahamu kazi ya jembe na panga kuliko mtu yeyote, na wangeifanya vizuri wakilipwa kutokana na viingilio vya mlima huohuo.

4. Kitulo inatangazwa kwa maua yake, wakati barabara zake ni za kiangazi.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413 katika uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Imehifadhi aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi, na wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, yaani ndani ya mvua. Sasa mtu anayepanda kutoka Chimala kuelekea Matamba hupita zile kona maarufu za Hamsini na Saba, na anayepitia Isyonje hupanda upande wa pili. Kote huko, vipande visivyo na lami vikishalowa, magari madogo hayapiti na hata makubwa yanasota.

Kwa hiyo tunaweka picha za okidi kwenye mabango, kisha tunawashauri wageni waje Julai, wakati uwanda ni nyasi kavu na baridi kali. Julai ina uzuri wake, sikatai. Lakini aliyekuja kwa ajili ya maua anaona amedanganywa, na kwa haki kabisa.

Barabara hizi si za watalii peke yao. Ndizo zinazoshusha viazi mviringo vya Matamba na Makete, na mkulima ambaye lori lake limekwama siku mbili anapata hasara kubwa kuliko yangu. Mkizitengeneza kwa ajili ya viazi, maua yatapata wageni wake bila gharama ya ziada. Nikumbushe pia kwamba moja ya sababu za kuanzishwa kwa hifadhi ni biashara ya kuchimba viazi vya okidi na kuvivusha hadi Zambia, ambako hutengenezewa chakula kinachoitwa chikanda. Mtu aliyeachishwa biashara ile anahitaji kuona kwamba ua lililobaki ardhini linamlipa. Pasipo wageni msimu wa maua, hatuna cha kumwonyesha.

5. Waongoza wageni wa vijijini hawatambuliwi.

Katika njia panda za kwenda kwenye vivutio, vijana humkimbilia mgeni wakijitambulisha kuwa waongozaji. Wapo waaminifu wanaojua kila mti, na wapo wanaomfikisha mgeni katikati ya msitu na kudai malipo mapya. Mgeni hana njia ya kuwatofautisha. Mlima Mbeya, ambao mtu anauona kutoka dirisha la nyumba ya wageni, wageni wanaonywa wasiupande peke yao kwa sababu ya vibaka. Lakini wanaoonywa hao hawaelezwi wamtafute nani wa kupanda naye.

Vijana hawa hawastahili kufukuzwa. Wanastahili mafunzo, kitambulisho, bei inayojulikana na daftari la kusaini wanapoingia na wanapotoka. Kuhusu thamani ya elimu waliyo nayo, nitaje mfano mmoja tu. Katika Mlima Rungwe kuna kima anayeitwa kipunji. Sayansi ilimfahamu mwaka 2003, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Watafiti walifikaje kwake? Waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama huyo kwa jina, na mwanzoni hawakuwa na hakika kama ni mnyama kweli au ni wa katika simulizi. Wazee walikuwa wakimjua siku zote. Leo mjukuu wa wawindaji hao anasimama barabarani bila kitambulisho, akisubiri gari lipunguze mwendo.

6. Kimondo cha Mbozi hakisemewi inavyostahili.

Jiwe lile la chuma, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 na urefu wa takriban mita 3, ni miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani. Lilianza kuandikwa habari zake mwaka 1930. Mwaka huohuo mtaalamu wa jiolojia alitaka kukata kipande cha kama sentimita 10 kwa ajili ya uchunguzi, na kazi ile kwa msumeno wa kawaida wa chuma ilimchukua saa 10. Ukisimulia hivyo mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi, kila mmoja anataka kukigusa. Ukiwaonyesha pia nguzo iliyo chini yake, iliyobaki pale udongo ulipochimbwa kukizunguka na baadaye ikajengewa saruji, wanaelewa kuwa kilikuwa kimezama ardhini. Mgeni anayekwenda mwenyewe anahitaji kukuta simulizi hiyo, kwa Kiswahili fasaha, kwenye maandishi yasiyofutika, pamoja na mtu wa kujibu maswali siku zote saba za wiki.

7. Vyoo na takataka.

Sina haja ya kueleza mengi. Mahali panapotoza kiingilio pawe na choo chenye maji na pipa linalomwagwa. Chupa za plastiki kwenye miamba ya Mto Kiwira zinatuaibisha wote.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huenda nikapewa, maana mengine nimeshayasikia.

Nitaambiwa bajeti haitoshi. Ubao wa bei, kitambulisho cha mwongozaji na ukurasa mmoja wa taarifa havihitaji bajeti ya kusubiri Bunge, na kuhusu njia ya Ngozi, ninachoomba ni sehemu ya fedha ambazo njia yenyewe inaingiza.

Nitaambiwa Kimondo ni cha Songwe na sehemu kubwa ya Kitulo ni ya Njombe. Ni kweli, Songwe ilijitenga na Mbeya mwaka 2016 na mipaka inajulikana. Lakini mgeni analala Mbeya, anakula Mbeya na anakodi gari Mbeya, na mapato ya mikoa yote mitatu yanategemea aambiwe nini akiwa Mbeya. Kama viongozi wa mikoa hii mnakaa pamoja kujadili mbolea na mahindi, mnaweza kukaa pamoja kwa hili.

Nitaambiwa watalii wanapenda wanyama wa kaskazini. Wapo wanaopenda hivyo. Wapo pia, na ndio ninaowapokea, waliokwisha kuona wanyama na sasa wanataka kutembea kwa miguu msituni. Na wapo Watanzania wenzetu, wanafunzi, wafanyakazi walio likizo, vikundi vya kanisa na vya kina mama, ambao hawaombi hoteli ya kifahari. Wanaomba kujua bei na kurudi salama.

Nitaambiwa tusubiri barabara ya njia nne, ile ya Nsalaga hadi Ifisi, ikamilike. Naishukuru kwa dhati, kwani foleni ya malori kati ya Uyole na Mbalizi imetutesa mno. Lakini njia ya msituni haipo kwenye mkataba wa lami ile, wala familia iliyorudishwa haikurudishwa na foleni.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mamlaka zote zinazohusika zikae kikao kimoja cha wazi hapa jijini, waongoza wageni na wenyeviti wa vijiji wakiwapo, na kutoka hapo itolewe taarifa moja inayotaja kila kivutio, mamlaka yake, kiingilio chake kwa raia na kwa mgeni, kibali kinachotakiwa, mahali pa kukipata na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili. Taarifa hiyo ibandikwe stendi kuu, stesheni ya TAZARA, uwanja wa ndege wa Songwe, Tunduma na Kasumulu. Pili, kazi ya kuitengeneza njia ya Ngozi na kuweka kizuizi ukingoni ianze na kumalizika kabla mvua za Novemba hazijaanza, na hadi hapo itakapomalizika, sehemu ya mwisho ya mwinuko ipandwe kwa kusindikizwa tu. Tatu, waongozaji wa vijijini waandikishwe na wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa mguu ukivunjika kule juu, wao ndio watakaombeba mtu. Nne, wenye dhamana ya barabara watueleze wazi ni vipande vipi vya kwenda Kitulo vitapitika Januari na Februari ijayo na vipi havitapitika, ili tuache kuwaahidi watu tusichoweza kuwatimizia.

Barua zangu za awali, zenye mihuri yenu ya kupokelewa, ninazo. Niko tayari kuzileta kwenye kikao hicho, na niko tayari kumpandisha Ngozi kiongozi yeyote kati yenu, siku yoyote mtakayochagua, bila malipo, ili aione ile mizizi kwa macho yake.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza wageni na mkazi wa Jiji la Mbeya